Kuhesabu Vitanda Vitupu: Sheria ya Virginia na Hesabu ya Foleni

Tarehe 18 Novemba 2013, katika wilaya ya milimani iitwayo Bath, jimboni Virginia nchini Marekani, kijana mwenye umri wa miaka 24 alichukuliwa na askari kwa amri ya hakimu, akapelekwa hospitali ili achunguzwe hali yake ya akili. Aliyeiomba amri hiyo alikuwa baba yake mzazi, Creigh Deeds, mjumbe wa Seneti ya jimbo hilo, ambaye mwaka 2009 alikuwa amegombea ugavana. Mchunguzi aliridhika kwamba kijana yule alistahili kulazwa. Lakini sheria ya wakati ule ilimruhusu askari kumshikilia mgonjwa wa namna hiyo kwa muda wa saa 4 tu, na ikibidi ziongezwe saa 2. Simu zikapigwa huku na huko kutafuta hospitali ya kumpokea. Kitanda hakikupatikana, muda ukaisha, na mgonjwa akarudi nyumbani pamoja na baba yake. Asubuhi iliyofuata alimchoma baba yake kwa kisu mara kadhaa, kisha akajiua kwa bunduki. Baba alipona, makovu yamebaki usoni.

Jambo lililowashtua watu zaidi lilijulikana baadaye. Hospitali kadhaa zilizokuwa umbali wa mwendo wa gari wa saa chache zilikuwa na vitanda vitupu usiku ule ule. Nyingine hazikupigiwa simu kabisa. Kitanda kilikuwapo, habari zake ndizo hazikumfikia aliyezihitaji.

Tukio hilo lilizaa sheria, na sheria hiyo yafaa kuchunguzwa na wasomaji wa jarida la sayansi, kwa sababu ndani yake mna swali la kipimo. Tunapotamka kwamba hospitali fulani ina vitanda 3 vitupu, tumepima kitu gani? Tumekipima lini? Na je, kukijua kitanda kilipo ni sawa na kukipata?

Mswada wa mwaka 2014 uliletwa katika Seneti na Deeds mwenyewe, ukapitishwa, na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Ulikuwa na mambo makubwa mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni rejista ya vitanda. Idara ya afya ya akili ya jimbo iliamriwa kuweka, kwa njia ya kompyuta, orodha ya hospitali zote za magonjwa ya akili, za serikali na za watu binafsi, pamoja na nyumba za kutulizia wagonjwa wa dharura. Kila moja iandike jinsi ya kuwasiliana nayo, idadi ya vitanda vilivyo wazi, aina ya wagonjwa inaowapokea na kiwango cha ulinzi ilichonacho. Maandalizi ya rejista hiyo yalikuwa yamekwisha kuanza kabla ya msiba, nayo ilifunguliwa Machi 2014. La pili lilihusu muda. Saa za kumshikilia mgonjwa zikaongezwa hadi 8, na ikiwa muda huo utakwisha bila ya kitanda kupatikana, hospitali ya serikali ilazimike kumpokea mgonjwa, isiwe na ruhusa ya kukataa. Tutalirudia jambo hili la pili, kwani ndilo lililokuja kuleta kishindo.

Tuanze na rejista. Faida yake inaweza kupimwa kwa hesabu iliyobuniwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na mtu ambaye hakuwa akifikiria hospitali hata kidogo. A. K. Erlang alikuwa mwanahisabati wa Denmark, mtumishi wa kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen. Shida yake ilikuwa hii: ikiwa wateja hupiga simu kwa nyakati zisizotabirika, na kila mazungumzo huchukua muda usiotabirika, kampuni iweke nyaya ngapi ili wachache tu wakute njia zote zimeshikwa? Mwaka 1917 alitoa kanuni inayojibu swali hilo. Ukiweka kitanda mahali pa waya, na mgonjwa mahali pa mpiga simu, kanuni haibadiliki. Jambo la kupendeza ni kwamba haihitaji kujua kila mgonjwa alikaa siku ngapi, wastani watosha.

Hebu tuchukue wodi ya kubuni yenye vitanda 24. Kila siku, kwa wastani, huja wagonjwa 3 wanaostahili kulazwa, na kila mmoja hukaa siku 7. Zidisha 3 kwa 7, upate 21. Maana yake ni kwamba kama hakuna mgonjwa ambaye angekataliwa, kwa wastani vitanda 21 vingekuwa na watu na 3 vingekuwa wazi. (Uhusiano huo sahili, yaani idadi iliyomo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa, ulithibitishwa kihisabati na John Little mwaka 1961, nao hutumika pia kwa maji ya tangi na wanafunzi wa bweni.) Meneja wa hospitali akiiona hesabu hiyo atasema wodi inatosha, tena na ziada. Erlang atamjibu kwamba mgonjwa 1 katika kila 12 ataikuta wodi imejaa. Wagonjwa hawaji kwa zamu. Siku moja huja 6, siku ya pili asije hata mmoja, na kitanda kilicholala kitupu Jumatatu hakiwezi kuwekwa akiba kwa ajili ya Alhamisi.

Sasa tuigawe wodi hiyo iwe hospitali mbili ndogo, kila moja na vitanda 12 na nusu ya wagonjwa, wala moja isijue habari za nyingine. Vitanda ni 24 vile vile, wagonjwa ni 3 kwa siku vile vile. Lakini sasa anayekataliwa si 1 katika 12, bali 1 katika 7. Hakuna kitanda kilichoondolewa. Kilichoondolewa ni uwezo wa ziada ya hapa kuziba upungufu wa kule.

Hiyo ndiyo hoja ya rejista katika umbo lake lililo safi. Rejista njema huzigeuza hospitali mbili, au thelathini, ziwe kama hospitali moja. Tena faida yake ni kubwa zaidi pale ambapo hospitali ni ndogo ndogo na zimetawanyika, kama zilivyo katika milima ya magharibi ya Virginia. Mchunguzi asiye na rejista hana budi kupiga simu moja baada ya nyingine. Tukisema kila simu yenye majibu kamili huchukua nusu saa, kwa kuwa daktari wa zamu hana budi kutafutwa na majalada ya mgonjwa hayana budi kutumwa na kusomwa, basi saa 6 ambazo sehemu yake imekwisha kuliwa na uchunguzi wenyewe hutosha hospitali saba au nane tu.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa dadu. Kikundi kimoja cha wanafunzi kichore vitanda 8 ubaoni. Kila zamu ya mchezo ni siku moja. Kwanza irushwe dadu kwa ajili ya kila kitanda chenye mgonjwa. Ikitoka 6, mgonjwa huyo amepata nafuu na anakwenda zake. Kisha irushwe dadu moja ya wageni: 1 au 2, hakuja mtu, 3 au 4, amekuja mmoja, 5 au 6, wamekuja wawili. Asiyepata kitanda aandikwe pembeni kuwa amekataliwa. Kikundi cha pili kifanye vivyo hivyo kwa ubao wake, bila kuangalia wa jirani. Baada ya siku 100 vikundi vilinganishe daftari zao. Wataona siku ambazo wodi moja ilimfukuza mtu huku ya pili ina vitanda vitupu. Halafu warudie mchezo, safari hii wakiruhusiwa kuazimana. Zoezi hilo huchukua vipindi viwili na halihitaji maabara.

Lakini hospitali halisi si ubao. Ugumu wa kwanza ni neno lenyewe, kitanda. Chuma na godoro ndivyo vitu rahisi kuliko vyote katika wodi ya magonjwa ya akili. Hospitali inaweza kuwa na leseni ya vitanda 30, na wauguzi wa kuhudumia 20. Je, iandike kwamba ina vitanda vingapi? Vitanda 10 vilivyosalia vipo kwa jicho la fundi seremala na havipo kwa jicho la mgonjwa. Rejista isiyosema wazi kwamba inahesabu vitanda vyenye watumishi itatoa tarakimu za kupendeza ambazo hazimsaidii mtu.

Tena kitanda kimoja si sawa na kingine. Katika chumba cha watu wawili ambamo amelala mwanamke, kitanda cha pili hakiwezi kupewa mwanamume. Mtoto wa miaka 12 hawekwi pamoja na watu wazima. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anahitaji uangalizi wa namna yake, na mgonjwa mwenye kisukari kikali anahitaji wodi yenye daktari wa mwili pia. Yule aliyepiga watu juzi huenda akahitaji chumba cha peke yake. Ndiyo maana sheria ya Virginia ilidai kuandikwa aina ya mgonjwa na kiwango cha ulinzi, na si idadi peke yake. Hata hivyo tazama linalotokea kwenye hesabu yetu: kila sharti kama hilo huigawa wodi vipande vipande, na tumekwisha kuona kwamba vipande vidogo hukataa watu wengi zaidi. Vitanda 24 vyenye masharti mengi hufanya kazi kama wodi nne za vitanda 6. Faida iliyoletwa na rejista kwa mkono mmoja huchukuliwa na masharti kwa mkono wa pili.

Ugumu mwingine ni umri wa habari. Katika wodi yetu ya kubuni, watu wapatao 3 huingia na karibu idadi hiyo hiyo hutoka kila siku, kwa hiyo tarakimu hubadilika mara tano au sita kati ya asubuhi moja na nyingine. Tarakimu iliyoandikwa saa mbili asubuhi ni historia ifikapo usiku, na dharura za akili hazina saa za kazi. Sheria ya 2014 ilisema habari ziwe za papo hapo, neno zuri lisilo na kipimo ndani yake. Mwaka 2015 ilibidi lifafanuliwe: kila hospitali irekebishe maelezo yake wakati wowote idadi ya vitanda vilivyo wazi inapobadilika, na kama haikubadilika, angalau mara moja kwa siku. Yaani hata kutobadilika sharti kuandikwe, ili msomaji aweze kutofautisha kati ya wodi iliyotulia na karani aliyesahau. Mwalimu wa fizikia atalitambua wazo hilo mara moja. Kipimo kisicho na saa yake hakina thamani.

Baki ugumu ambao kompyuta haiwezi kuutatua. Rejista huonyesha kilichopo. Haimlazimishi mwenye nacho kukitoa. Hospitali ya mtu binafsi yenye kitanda kitupu yaweza kusikiliza maelezo ya mgonjwa na kusema samahani, huyu hatumwezi. Mara nyingine jibu hilo ni la kweli na la haki: muuguzi mmoja usiku na wagonjwa 12 hawezi kuongezewa mtu mwenye fujo bila ya kuwahatarisha wengine. Mara nyingine si hivyo. Aliye mbali, akitazama kioo cha kompyuta, hana njia ya kujua ni lipi. Kwa maoni yangu waliotunga sheria walilielewa jambo hili vizuri kuliko wanavyosifiwa, na ndiyo sababu hawakuishia kwenye rejista, bali waliiweka hospitali ya serikali kuwa kimbilio la mwisho lisiloweza kukataa.

Basi turudi kwenye kifungu hicho cha pili. Kilifanya kazi iliyokusudiwa: kwa kawaida mgonjwa aliyeamriwa kulazwa hakurudishwa tena nyumbani kwa sababu ya saa kuisha. Lakini maji hufuata mteremko. Hospitali moja ikiwa na haki ya kukataa na nyingine haina, wagonjwa wagumu humiminikia isiyo na haki hiyo. Katika miaka iliyofuata, idadi ya wagonjwa walioingia katika hospitali za serikali za Virginia kwa amri za muda iliongezeka mara kadhaa, na hospitali hizo zikawa zinakaribia kujaa kabisa, nyingine kupita kiasi.

Hesabu yetu inaeleza kwa nini kujaa huko ni hatari kuliko kunavyoonekana. Chukua tena wodi ya vitanda 24 na wagonjwa 3 kwa siku. Usibadilishe chochote ila siku za kukaa, toka 7 hadi 8, labda kwa kuwa hakuna nyumba ya uangalizi ya kumpokea mgonjwa anayetoka. Siku moja tu. Idadi ya wanaokataliwa hupanda toka 1 katika 12 hadi 1 katika 7, sawasawa na hasara ya kuigawa wodi mara mbili. Kazi yote ya rejista imefutwa na mlango wa kutokea uliobana. Katika mifumo iliyo karibu kujaa, ongezeko dogo la mzigo huleta ongezeko kubwa la kukataliwa. Na pale ambapo kukataa kumekatazwa na sheria, mzigo huwaangukia wauguzi.

Ndivyo ilivyotokea. Julai 2021, Virginia ilizifunga kwa muda hospitali 5 kati ya 8 za serikali za watu wazima zisipokee wagonjwa wapya. Majengo yalikuwapo na vitanda vilikuwapo. Watumishi walikuwa wameondoka kwa wingi, na waliosalia hawakuweza tena kuwalinda wagonjwa wala kujilinda wenyewe. Wagonjwa wakarudi kungoja katika vyumba vya dharura vya hospitali za kawaida, askari akiwa kando yao, baadhi kwa siku kadhaa.

Mtu anaweza kuuliza vitanda vya Marekani vilikwenda wapi. Jimbo hilo hilo la Virginia, likiwa bado koloni la Waingereza, ndilo lililofungua mjini Williamsburg mwaka 1773 hospitali ya kwanza ya umma katika makoloni hayo iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili peke yao. Kufikia mwaka 1955 hospitali za namna hiyo kote Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 558,000, yaani zaidi ya 330 kwa kila watu 100,000. Nyingi zilikuwa mahali pa kutisha, na mtu aliyeingia aghalabu hakutoka. Dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumiwa kwa magonjwa ya akili huko Ufaransa mwaka 1952, ilileta matumaini kwamba wengi wangeweza kuishi nyumbani. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na watu. Miaka miwili baadaye, mpango mpya wa serikali kuu wa kuwalipia maskini matibabu ulikataa kulipia watu wazima wa chini ya miaka 65 waliolazwa katika hospitali za akili, kwa hiyo majimbo yakawa na sababu ya fedha ya kuzipunguza. Hospitali zikafungwa haraka. Vituo vilivyoahidiwa vikajengwa vichache. Mwaka 2016 vitanda vya hospitali za majimbo vilikuwa chini ya 38,000, takriban 12 kwa kila watu 100,000. Haki itendeke: hospitali za kawaida na za watu binafsi nazo zina vitanda vyao, na wagonjwa wengi wa leo hawahitaji kulazwa kwa miaka. Lakini idadi hiyo inaeleza kwa nini kitanda kimoja kitupu kimekuwa kitu cha kutungiwa sheria.

Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali kuu nayo iliingia. Sheria kubwa ya afya iliyotiwa saini na Rais Obama mwezi Desemba ilikuwa na kifungu cha kuyapa majimbo na wilaya fedha za kuimarisha huduma za dharura za akili, pamoja na kuanzisha na kuendesha rejista za vitanda. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa sura yake: mahali pengine hospitali zinalazimishwa kuandika, pengine zinaombwa tu; pengine rejista husomwa na wahudumu wa dharura peke yao, pengine na mtu yeyote.

Iliyobaki ni kasoro ambayo Erlang angeiona siku ya kwanza. Rejista ya namna hii huhesabu vitanda vilivyo wazi. Mafundi wa simu hawakutosheka na kuhesabu nyaya zilizo wazi. Walitaka kujua simu zilizopotea, kwa kuwa humo ndimo kanuni ilimokuwa ikithibitishwa au kukanushwa. Mgonjwa aliyekataliwa na hospitali ya kwanza, ya pili na ya tatu, kabla ya kupokelewa na ya nne, haonekani kwenye idadi ya vitanda vitupu. Kumwandika kungehitaji safu moja zaidi katika daftari: saa aliyokataliwa, na sababu aliyopewa.